Adapta za kujitengenezea kwa bodi za gemu za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Malindi, Watamu, Mambrui na Lamu waliopata bodi ya gemu ya sarafu ya miaka ya 1980 au 1990 na sasa wanaitazama hawajui pa kuanzia. Maswali ni yale ninayoulizwa dukani na kwenye simu. Majibu ni yangu, na mahali ambapo mafundi hawakubaliani nimesema upande ninaoufuata.

Adapta yenyewe ni nini, na kwa nini bodi yangu haiingii kwenye kabati?

Adapta ni waya tu, ila zimepangwa. Upande mmoja una vidole vya shaba, ndivyo tunavyoviita pini, vinavyoingia kwenye soketi ya kabati, yaani sanduku la gemu lenye skrini, vitufe na pawa; upande wa pili una soketi inayoshika bodi ya gemu. Kila waya unatoa kitu kimoja kwenye pini moja na kukifikisha kwenye pini nyingine: umeme, rangi nyekundu, kitufe cha kuanza, spika.

Kabla ya 1985 kila kampuni ilipanga pini ilivyotaka, na mara nyingine kampuni hiyo hiyo ilibadilisha mpango kutoka gemu moja hadi nyingine. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa mashine za burudani cha Japani, kinachojulikana kwa kifupi JAMMA, kikaleta mpangilio mmoja: pini 56, yaani 28 kila upande, zikiachana milimita 3.96. Upande wenye vipuri unahesabiwa 1 hadi 28. Upande wa lehemu unatumia herufi, A hadi f ndogo, na herufi G, I, O na Q zimerukwa. Wengi hupotea hapo: wanahesabu G kuwa pini ya saba, na kuanzia hapo kila waya unahama nafasi moja.

Kabati nyingi utakazokutana nazo zina soketi ya JAMMA. Bodi za kabla ya hapo, pamoja na baadhi zilizotoka baadaye, zinahitaji adapta.

Si nikate waya za kabati niunge moja kwa moja?

Hapana. Leo una bodi moja, mwakani utakuwa na tatu, na kabati lililokatwakatwa hakuna atakayelinunua. Adapta iharibike, kabati libaki zima.

Vipuri napata wapi nikiwa huku?

Soketi na ubao wa vidole ndivyo vigumu. Nairobi, maduka ya Luthuli Avenue yana waya, rezista, daiodi, lehemu na mita za kila bei, lakini soketi ya milimita 3.96 yenye idadi ya pini unayoitaka huenda ukaiagiza nje. Mzigo wa Malindi unashuka na basi. Wa Lamu unafika Mokowe kisha unavuka na boti, kwa hiyo ufungwe kwenye plastiki isiyopitisha maji. Ukikosa soketi ya pini 36, nunua ya 44 au 56 ukaikate kwa msumeno mdogo, halafu uzibe ncha iliyokatwa kwa kipande cha plastiki ili bodi isiteleze pembeni.

Pawa saplai ya kompyuta kuukuu inatosha kuanzia. Unaiamsha kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Nyekundu ni volti 5, njano ni volti 12, nyeusi ni grandi, yaani njia ya kurudishia umeme. Rangi ya machungwa ni volti 3.3 na huna kazi nayo. Usizichukulie rangi hizi kuwa sheria ndani ya kabati: kabati nyingi hutumia machungwa kwa volti 12 na njano kwa hasi 5. Pima kwanza, ndipo uamini.

Nina mabaki ya kebo ya intaneti. Inafaa?

Kwa vitufe na mkono wa kuchezea, ndiyo, mradi usiikunje kunje, kwa maana shaba yake ni uzi mmoja na hukatikia ndani ya ganda bila kuonekana. Kwa umeme, hapana, na hesabu ni hii. Shaba ya milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.017 kwa mita. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.25 una karibu omu 0.07 kwa mita. Bodi ikivuta amperi 3, umeme ukaenda mita moja na kurudi mita moja, unapoteza zaidi ya volti 0.4 njiani. Pawa inatoa 5, bodi inapata 4.6. Chipu za familia ya 74 zimeandikiwa volti 4.75 hadi 5.25. Chini ya hapo gemu linaanza kujiwasha upya au kuchora takataka kwenye skrini, na mwenyewe unaapa kwamba bodi ni mbovu.

Tumia waya wa milimita za mraba 0.75 kwa volti 5 na grandi, na uzitumie pini zote ulizopewa. JAMMA ina pini nne za volti 5 na nane za grandi kwa sababu. Kuna watu huunga moja moja kuokoa waya. Pini hiyo ndiyo huja kupata moto na kuwa nyeusi.

Nimepata mchoro wa pini mtandaoni. Nianze kulehemu?

Bado. Mchoro ni dai, na bodi ndiyo shahidi. Kuna matoleo ya gemu moja yenye pini tofauti, kuna nakala za magendo zilizopangwa upya, na kuna michoro iliyonakiliwa kwa makosa miaka nenda rudi. Kabla waya wowote haujagusa bodi, ifanye bodi ikuambie yenyewe.

Anza na grandi. Weka mita kwenye mlio. Chipu nyingi za miguu 14 zina grandi mguu wa 7 na volti 5 mguu wa 14. Za miguu 16 ni 8 na 16. Gusa mguu wa 7 wa chipu kadhaa na upitishe ncha nyingine kwenye vidole vya bodi kimoja kimoja. Vitakavyolia ni grandi. Rudia kwa volti 5. Jihadhari na wachache wasiofuata kanuni: 7475, 7476, 7483, 7490 na 7493 zina volti 5 kwenye mguu wa 5. Kwa hiyo usitegemee chipu moja. Chipu za kumbukumbu zenye dirisha la kioo ni rahisi zaidi: za miguu 24 ni 12 na 24, za miguu 28 ni 14 na 28.

Kisha tafuta rangi. Bodi nyingi za zamani hutengeneza kila rangi kwa rezista mbili au tatu za thamani tofauti zinazokutana kwenye pini moja. Kwenye Pac-Man, kwa mfano, nyekundu na kijani zina rezista za omu 1000, 470 na 220, na bluu ina 470 na 220. Ukiona vikundi vitatu vya aina hiyo karibu na ukingo wa bodi, umezipata rangi zako, na chenye rezista chache mara nyingi ni bluu.

Vitufe vinatambulika kwa rezista zinazovuta pini kwenda volti 5, mara nyingi zikiwa safu moja ndani ya kipuri kimoja chembamba, halafu njia inaingia chipu kama 74LS244, 74LS257 au 74LS367. Pini ya spika iko jirani na chipu yenye kipande cha bati cha kupoza na kitufe cha kuzungusha cha sauti.

Ukimaliza, linganisha na mchoro. Vikikubaliana, lehemu. Visipokubaliana, fuata bodi.

Kila bodi ya zamani inaweza kuendeshwa kwa waya tu?

La. Adapta inahamisha pini, haibadilishi umeme wala ishara. Bodi ya Pac-Man ya 1980 ilitengenezwa kupokea umeme wa AC wa volti 7 hivi kutoka kwenye transfoma na kuunyoosha yenyewe, kwa hiyo volti 5 ya kabati haina mahali pa kuingilia kirahisi. Donkey Kong ya 1981 inatoa rangi zilizopinduliwa: penye giza panakuwa mwanga. Hiyo inataka saketi ndogo ya kugeuza picha, na sauti yake pia inahitaji kikuza sauti cha nje. Bodi za mwisho wa miaka ya 1970, kama Space Invaders ya 1978 yenye chipu ya 8080, zinataka volti tatu tofauti: 5, 12 na hasi 5.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanze na ipi, humwambia aanze na bodi inayotumia volti 5 peke yake, au 5 na 12. Azoee kwanza.

Hiyo hasi 5 naitoa wapi?

Pawa za kompyuta za kabla ya miaka ya 2000 zilikuwa nayo kwenye waya mweupe. Viwango vipya viliiondoa mwanzoni mwa miaka hiyo, kwa hiyo pawa nyingi unazookota leo zina nafasi tupu mahali pake. Hasi 12 ingalipo, waya wa bluu, na chipu ya 7905 inaishusha hadi hasi 5.

Usiifunge 7905 kama unavyofunga 7805, ndugu yake ya volti 5 chanya. Miguu yake imepangwa tofauti: wa kwanza ni grandi, wa kati ni kuingia, wa tatu ni kutoka. Na bati lake la mgongoni limeungana na hasi 12, si grandi. Ukilibana kwenye chuma cha kabati bila plastiki ya kutenganisha, umeunda shoti.

Kuna jambo zito zaidi. Chipu za kumbukumbu za aina ya 4116 zinataka hasi 5 iwe ya kwanza kufika na ya mwisho kuondoka. Zikipata 12 bila hasi 5 zinaungua, na hazitoi moshi kukuonya. Ukiwa na bodi ya namna hiyo, pima hasi 5 kila mara kabla ya kuichomeka.

Nimemaliza kulehemu. Nipime vipi kabla ya kuwasha?

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda mwingi kuliko kulehemu.

Adapta ikiwa peke yake mezani, pima kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho, mita ilie. Wengi huishia hapo. Sehemu ya pili ndiyo muhimu: pima kila pini dhidi ya jirani zake wote, mita *isilie*. Jirani ni wa kushoto, wa kulia, na wa upande wa pili wa ubao. Tone la lehemu lililovuka kati ya pini 5 na 6 linaunganisha hasi 5 na 12. Kisha pima volti 12 dhidi ya pini zote zilizobaki, moja moja, hata kama unachoka. Volti 12 ikifika mahali pa volti 5, bodi nzima imekwenda.

Pima sasa bodi yenyewe, kati ya volti 5 na grandi, kwenye omu. Nikiona chini ya omu 2 hivi, najua kuna kapasita iliyokufa au chipu iliyofunga, na siiwashi.

Chomeka adapta kwenye kabati bila bodi. Washa. Pima volti kwenye soketi ya upande wa bodi, pini kwa pini, ukiandika. Pawa nyingi hazikai sawa zisipobebeshwa mzigo, kwa hiyo weka balbu ya breki ya pikipiki ya volti 12, wati 21, kati ya 5 na grandi. Kwenye volti 5 itavuta kama amperi 1 na kuwaka hafifu. Ikiwaka na mita ikibaki karibu na 5, vizuri. Mita ikianguka hadi 4.5, una kiungo kibaya au waya mwembamba. Balbu hiyo inapatikana kwa fundi yeyote wa bodaboda, na imeokoa bodi nyingi kuliko mita ya bei ghali.

Zima. Ngoja pawa iishe. Chomeka bodi. Washa huku kidole kikiwa kwenye swichi. Pima volti 5 juu ya chipu iliyo mbali zaidi na soketi, si kwenye pawa. Pawa nyingi za kabati zina skrubu ya kurekebisha: izungushe taratibu hadi upate kati ya 4.95 na 5.10 kwenye chipu hiyo. Ukipima kwenye pawa unapima kitu ambacho bodi haikioni.

Nikiichomeka bodi kinyume itakuwaje?

Hesabu ya JAMMA inachekesha hapa. Ukiigeuza, pini 1 inaangukia f, na hizo zote ni grandi, kwa hiyo shoti haitokei na unaweza kudhani umeponea. Lakini pini 6 na F, zenye volti 12, zinaangukia a na 23, ambazo ni kitufe cha pili cha mchezaji wa pili na wa kwanza. Chipu ya 74LS inavumilia volti 7 tu kwenye mlango wake. Utabaki na gemu linalocheza lakini halirushi risasi ya pili.

Dawa ni kipande cha plastiki kwenye nafasi ya 7 na H. JAMMA imeziacha tupu kwa kazi hiyo hiyo. Soketi inapouzwa bila hicho kipande, kata kimoja kutoka kadi ya simu kuukuu ukibandike.

Picha: naweza kutumia televisheni ya nyumbani?

Inategemea mlango wake. Bodi hizi hutoa nyekundu, kijani, bluu na ishara ya sinkro, inayoiambia skrini mstari uanze wapi, kwa mwendo wa kilohezi 15.7 hivi. Mlango wa njano wa AV hauelewi hilo. Skrini ya kompyuta inataka kilohezi 31, nyingi zitaandika tu kwamba ishara haifai. Utahitaji kibadilishi kama GBS-8200 katikati.

Malindi tuna bahati moja: nyumba za Waitaliano. Televisheni zao za kioo cha mgongo zilizoletwa kutoka Ulaya zina mlango wa SCART, na nyingi zinapokea rangi tatu moja kwa moja. Nyekundu inaingia pini 15, kijani 11, bluu 7, sinkro 20. Televisheni inataka kama volti 0.7 kwa rangi na ina omu 75 ndani, lakini bodi inaweza kutoa hadi karibu volti 5. Rezista ya omu 470 kwenye kila waya inashusha 5 hadi 0.7. Picha ikiwa na giza, punguza hadi 330. Weka 470 kwenye sinkro pia. Pini 16 inataka volti 1 hadi 3 ili televisheni ijue ni rangi tatu. Rezista ya omu 180 kutoka volti 5 inatosha.

Picha ikiteleza au ikikunjamana, kosa ni la sinkro. Rangi moja ikikosekana, ni waya wake. Rangi zikibadilishana, umevuka waya mbili, na hilo halina madhara.

Na skrini ya kabati yenyewe?

Usiifungue kama hujafundishwa. Kioo kinaweza kushika zaidi ya volti 20,000 hata baada ya kuzimwa, na skrini nyingi za zamani za gemu zina chasi yenye umeme wa ukutani, ndiyo maana zinataka transfoma ya kutenganisha. Kazi ya adapta haikulazimishi kuigusa. Mpe fundi wa televisheni wa zamani; bado wapo.

Sauti haisikiki, au inanguruma.

Kwenye JAMMA spika ni 10 na L. Usiunganishe L na grandi kwa kudhani hasi zote ni sawa, kwa kuwa baadhi ya vikuza sauti vinaendesha pande zote mbili za spika. Ngurumo ya mfululizo mara nyingi ni kapasita zilizokauka, au grandi nyembamba. Na usiipeleke sauti hii kwenye redio: imeshakuzwa tayari.

Chumvi ya bahari inaharibu viungo?

Sana, na Lamu zaidi ya Malindi, hasa nyumba za ufuoni wakati wa kusi. Vidole vya bodi vinapata ukungu wa kijani, mita inasoma vizuri leo na vibaya wiki ijayo. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Baadhi ya spiriti za duka la dawa huacha mafuta. Raba nyeupe ya shule inafaa kwa ukungu mkaidi. Msasa haufai, unaondoa dhahabu na baada yake kutu haikomi. Soketi iliyolegea ibadilishe, usiikaze kwa koleo.

Jua nalo lina kesi yake. Chipu zenye dirisha la kioo hufutwa na mwanga: jua kali la moja kwa moja linaweza kuzifuta ndani ya wiki moja hivi. Kama kibandiko kimedondoka, funika dirisha kabla ya kuiacha bodi barazani ikauke.

Bodi ina betri. Niitoe?

Inategemea sana. Betri ya mviringo ya nikeli kwenye bodi za Neo Geo MVS huvuja na kula njia za shaba, itoe leo. Kwenye bodi za Capcom za CPS-2, zilizoanza 1993, betri inalinda ufunguo wa programu. Ukiitoa hovyo, gemu haliamki tena. Jua aina ya bodi kwanza.

Street Fighter II inapiga ngumi lakini haipigi teke.

Adapta yako haina kosa. JAMMA iliwekewa vitufe vichache kwa kila mchezaji, na gemu hilo la 1991 linataka sita. Mateke yanapita kwenye kiunganishi kidogo cha pembeni ya bodi, kinachotaka mkia wake wa waya na grandi yake.

Adapta moja inaweza kutumika kwa bodi mbili zenye soketi sawa?

Soketi sawa haimaanishi pini sawa. Bodi nyingi za kabla ya 1985 zina pini 44 au 36 na kila moja inajua mambo yake. Bandika kwenye adapta jina la gemu, kampuni, namba iliyochapwa kwenye bodi, na volti inazopitisha. Andika kwa kalamu isiyofutika, kwa maana jasho la Machi hapa linafuta kila kitu kingine, na uifungie adapta karatasi ya pini zote.